Sponji ya kibodi ya IBM Model F imekuwa unga: niweke ipi badala yake?

#1 MtafutaVitufe
Wakuu, salama?

Nimepata kibodi ya IBM Model F ya kompyuta ya AT, ile ya vitufe 84 iliyotoka 1984. Kibandiko cha chini kinasoma 6450225. Kwa nje ni nzima kabisa, lakini nilipoiinua kuigeuza nikasikia kitu kinatiririka ndani kama mchanga, na mezani ikabaki alama ya unga mweusi.

Jana usiku nimeifungua. Ile sponji inayokaa kati ya mabamba mawili ya chuma ni jina tu. Upande wa namba imekuwa unga, na upande wa kushoto, chini ya F1 hadi F10, imekuwa kitu kinachonata kama lami. Vitufe 13 haviitiki na vingine vinacheza kama jino bovu.

Nina vipande vitatu hapa: neopreni ya milimita 1.5, EVA ya milimita 2 (ile ya kazi za mikono, jamaa yake ndala), na sponji ya kufungashia vyombo ya milimita 3. Hoja yangu ni kwamba nene ndiyo bora. Kazi ya sponji ni kusukuma, na nene inasukuma zaidi. Nikosoeni.

#2 SitiYaNyuma
"Nikosoeni" ni neno ambalo hujui hatari yake humu ndani. Nimekaa, endeleeni.

#3 FundiChuma
Mkuu, nene siyo bora. Nimeshalipa ada ya somo hilo.

Tuelewane kwanza inakaa wapi. Juu kuna bamba lenye matundu. Kwenye kila tundu unachomoza mrija unaobeba springi na kitufe. Mrija una kitako kipana kinachobaki chini ya bamba. Sponji imekaa katikati, juu ya kitako na chini ya bamba, na kazi yake ni kukandamiza kila mrija ulale sawasawa juu ya bodi ya saketi. Chini ya mrija kuna kinyundo cha plastiki nyeusi kinachobembea juu ya bodi. Chini kabisa kuna bamba la pili. Mabamba yote mawili yamepinda kama upinde na yanashikana kwa ndoano za pembeni.

Mimi niliweka sponji ngumu ya milimita 3. Mabamba yakagoma kufungana. Nikaleta klempu nne na nyundo na kipande cha mbao, nikagonga mpaka yakakubali kwa shingo upande. Baada ya siku mbili ndoano ya kulia ikafunguka yenyewe usiku. Mlio wake ulimwamsha mtu chumba cha pili. Bamba la chini limebaki na tumbo mpaka leo.

Chukua ile ya 1.5.

#4 BibiChapa
Salaam. Mimi nina ya kompyuta ya XT, vitufe 83, na niliweka EVA ya milimita 2 miaka sita iliyopita. Naandikia hiyo hiyo sasa hivi. Kila kitufe kinaitika. Sikutumia klempu hata moja, nilikandamiza kwa goti.

Huyo FundiChuma ana mkono mzito, msimfanye kipimo.

#5 FundiChuma
Hahaha, sawa dada. Lakini goti ni klempu, usijidanganye.

#6 Kidadisi_01
Naomba kuuliza. Mimi nina IBM ile nzito, inalia vizuri sana, haina sponji yoyote ndani na inafanya kazi. Kwa nini asiifunge tu bila sponji?

#7 Mkweli_Mkavu
#6, hiyo yako ni Model M. Ilianza 1985, na ndani yake haina vinyundo vya kupima chaji kama vya F. Ina karatasi za plastiki zenye njia za umeme zinazogusanishwa, na juu yake kuna shuka la mpira. Bamba lake linashikwa na vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa, ndiyo maana vikizeeka utasikia vipande vinagongagonga ndani. Ni ugonjwa mwingine na dawa yake ni nyingine.

Wazo la springi inayopinda ni lile lile. Hati miliki ya Marekani namba 4,118,611 ya mwaka 1978 ni ya Richard Hunter Harris wa IBM, na ndiyo iliyozaa hii ya F. Kwa F, sponji ikitoweka mrija unabaki na nafasi ya kupanda na kushuka. Ukibonyeza, mrija wote unasogea kabla springi haijapinda, na kinyundo kinakosa pa kuegemea. Hapo ndipo kitufe kinaitika leo na kesho kinagoma.

#8 Kidadisi_01
Asante mkuu, nimeelewa. Kwa hiyo yangu ni mdogo wake.

#9 MkemiaWaJioni
Kabla hamjafika mbali na unene, mjiulize ile ya kwanza ilikufa kwa nini, msije mkazika nyingine kwenye kaburi lile lile.

Sponji ya zamani ni poliuretani. Zipo koo mbili. Ya esta inaliwa na maji: unyevu wa hewani unakata minyororo ya kemikali taratibu mpaka inanata au kumeguka. Ya etha inavumilia unyevu, lakini mwanga na oksijeni vinaimaliza. Ndani ya kibodi hakuna mwanga, kwa hiyo mimi natia shaka unyevu. Kingine, tindikali inayozaliwa kwenye kuoza inaharakisha kuoza kwenyewe. Ndiyo maana miaka mingi inaonekana nzima, halafu inakwenda yote kwa mpigo.

MtafutaVitufe, angalia bamba lako chini ya ile sehemu inayonata. Nadhani utakuta kutu.

#10 MtafutaVitufe
#9, umejuaje? Rangi imevimba malengelenge kushoto kote. Kulia, kwenye unga, bamba ni safi.

#11 Hewala
Mimi siafiki. Ninazo mbili. Moja ilikaa kabati la ndani, pakavu, na sponji yake ni unga. Nyingine ilikaa banda linalovuja, ina kutu mpaka kwenye skrubu, na sponji yake bado inarudi ukiibonyeza. Kama ni unyevu mbona mambo yamekuja kinyume?

Nadhani ni mkandamizo. Kitu kilichobanwa miaka arobaini lazima kichoke.

#12 MkemiaWaJioni
Huenda hizo mbili hazikutoka fungu moja la sponji. Kiwanda kinabadilisha muuzaji, wewe unaona kibodi ile ile.

#13 Hewala
"Huenda". Sawa.

#14 Zumari
Mimi kila niliyoifungua ilikuwa imeoza zaidi chini ya safu ya katikati, pale vidole vinapokaa. Natuhumu mafuta ya mikono yanayoshuka pembeni ya mirija.

#15 Mkweli_Mkavu
#14, mafuta ya mikono yangeonekana kwanza juu ya bamba. Uliyaona?

#16 Zumari
Sikuangalia. Niliosha yote pamoja.

#17 MlinziWaKabati
Habari za humu. Kazi yangu ni kutunza vitu vya kale, siyo kibodi, lakini habari za sponji tunazijua kwa uchungu.

Kwetu, nyenzo yoyote itakayokaa karibu na kitu cha kale hupitia kipimo cha Oddy. Kilianzishwa na Andrew Oddy wa British Museum mwaka 1973. Unafungia kipande cha nyenzo kwenye chupa pamoja na vipande vya fedha, shaba na risasi, unyevu asilimia 100, joto nyuzi 60, siku 28. Kisha unatazama chuma kipi kimebadilika rangi.

Kwa macho hayo, neopreni ina klorini ndani yake na ikizeeka inaweza kutoa tindikali. EVA nayo ikichakaa inatoa asidi ya siki. Tunayoiamini ni sponji ya polietilini safi, ile nyeupe yenye vitundu vilivyofungwa. Haina cha kutoa.

Bodi yako ya saketi ni shaba. Fikiria hilo.

#18 FundiChuma
Shikamoo mtaalamu. Naheshimu kipimo, lakini polietilini kazi yake ni kulinda kitu kisigongwe, siyo kusukuma. Ukiibana inalala na haiamki. Nilifanya jaribio langu la mezani: vipande vinne vya nyenzo tofauti, nikavibana kati ya mabamba mawili ya chuma kwa bolti, na pete za chuma (washa) pembeni ili vyote vibanwe kufika nusu. Nikaviacha wiki nzima juu ya friji, pale kwenye joto la nyuma.

Nilipofungua, polietilini ilikuwa kama karatasi nene. EVA ilirudi kidogo, ikaishia hapo. Neopreni ilirudi karibu yote, ila kwa uvivu, kama saa nzima. Silikoni ilikuwa kama haijaguswa.

Viwandani kipimo hiki kinafanywa kwa masaa 22 kwenye nyuzi 70, kwa hiyo friji yangu siyo maabara. Lakini jibu unaliona kwa jicho.

#19 BibiChapa
EVA yangu ilirudi kidogo na ikaishia hapo, na bado kibodi inaandika. Kwa hiyo labda kurudi siyo jambo kubwa kihivyo? Ikishalala kwenye umbo la mirija, mirija haina pa kwenda. Inabaki kama kipande kilichokatwa kwa kipimo.

#20 FundiChuma
Mpaka siku utakapoifungua tena. Ukiifunga mara ya pili hutapata mkandamizo ule.

#21 BibiChapa
Nifungue kwa nini wakati inafanya kazi? Nyinyi wanaume mnafungua vitu kwa kiu tu.

#22 SitiYaNyuma
Hapo tumepigwa wote.

#23 MpigaSauti
Wadau wa kibodi za kisasa tunatumia sponji ya Poron. Inatengenezwa na Rogers Corporation, inasifika kwa kutolala hata ikibanwa muda mrefu. Ipo ya unene mbalimbali. Mbona hamuitaji?

#24 Mkweli_Mkavu
Kwa sababu Poron nayo ni poliuretani. Ni nzuri, lakini ni ukoo ule ule wa marehemu. Nikiiweka nitalala nawaza.

#25 MkemiaWaJioni
#24, ukoo ni mkubwa. Poliuretani ya leo siyo ya 1984. Ni kama kukataa nyumba ya matofali kwa sababu ya kwanza ilijengwa vibaya.

#26 Mkweli_Mkavu
Waliouza ile ya 1984 nao walisema siyo ya 1964.

#27 MtafutaVitufe
Wakuu nimewasoma wote, na nina mashaka zaidi kuliko nilipoanza, asanteni. Silikoni nimeiangalia, uzuri wake nauona na bei yake naiona.

Nimeamua neopreni ya 1.5. Jamaa yangu ana mashine ya leza, nimeshachora matundu yote 84 kwenye kompyuta. Kesho tunakata.

#28 MkemiaWaJioni
SIMAMA HAPO. Usikate neopreni kwa leza. Ina klorini. Ukiichoma inatoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, ambayo ikikutana na unyevu inakuwa tindikali kwenye mapafu yenu na kwenye reli za mashine ya jamaa yako. Atakuchukia wewe na kibodi yako.

EVA inakatika kwa leza vizuri tu. Neopreni ni mkasi, kisu au chuma cha kutobolea ngozi.

#29 Hewala
Na hakikisha kama ni neopreni kweli. Nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni mchanganyiko wa mipira, EPDM na jamaa zake. Lebo inasema hili, harufu inasema lile.

#30 MtafutaVitufe
Duh. Afadhali niliandika kabla ya kwenda. Basi nitatoboa kwa mkono. Kuna ujanja?

#31 BibiChapa
Upo. Osha bamba la juu mpaka sponji yote ya zamani itoke. Mimi nilikwangua kwa kadi ya plastiki, nikamalizia kwa kitambaa chenye spiriti, na vaa kitu puani maana ule unga unapaa. Kama kuna kutu, isugue na upake rangi sasa, usisubiri.

Laza bamba juu ya karatasi. Bamba limepinda na karatasi ni bapa, kwa hiyo ukilichora likiwa limekaa tu, safu za juu na za chini zitakosea. Libiringishe juu ya karatasi polepole, safu moja baada ya nyingine, huku unachora matundu kwa kalamu nyembamba. Halafu bandika karatasi juu ya sponji kwa gundi ya kupulizia iliyo hafifu.

Pima unene wa mrija wenyewe, siyo tundu la bamba, na ongeza kama nusu milimita kwenye chuma cha kutobolea. Tundu likibana, sponji inapanda juu ya kitako cha mrija na kujikunja, nawe hutaiona mpaka ufunge. Toboa juu ya ubao laini, pigo moja tu. Ukipiga mawili duara linakuwa yai.

Unapobandua karatasi, anza pembeni. Mimi nilianza katikati na kukawa na kilio.

#32 FundiChuma
Naongeza: ukipaka rangi ile ya unga wa kuchoma kwenye tanuri, ziba kingo za matundu na ndoano kwanza. Inaongeza unene. Kibodi yangu ya pili ilikataa mirija kupita, nikakaa na tupa nakwangua matundu moja moja jioni tatu.

#33 Zumari
Mimi sikukata shuka zima. Nilikata pete ndogo, moja kwa kila mrija. Sponji ikiharibika sehemu moja nabadilisha pete hiyo tu.

#34 Mkweli_Mkavu
Na kuibadilisha pete hiyo moja unafungua nini?

#35 Zumari
...kibodi nzima. Sawa, sikufikiria.

#36 MamaLisa
Naona wote mnazungumza IBM. Msitusahau wenye kibodi za Key Tronic, huko sponji ndiyo kibodi yenyewe. Apple Lisa ya 1983 na Compaq Portable zote zina aina hiyo. Chini ya kila kitufe kuna kidonge cha sponji, na chini ya kidonge kuna duara la plastiki nyembamba iliyopakwa alumini. Ukibonyeza, duara linakaribia bodi, chaji inabadilika, herufi inatokea. Sponji ikioza, duara linabaki limenata au linaning'inia, na kibodi nzima inakufa hata kama umeme ni mzima.

Hapo usilete neopreni wala EVA. Sponji iwe laini ajabu, ya vitundu vilivyo wazi, kwa sababu kidole ndicho kinachoibonyeza kila mara. Nilijaribu ile ya kuziba upenyo wa madirisha. Kitufe kilikuwa kama kubonyeza ukuta, na kikiitika kinaandika herufi mbili.

#37 Kidadisi_01
Maduara umeyatoa wapi?

#38 MamaLisa
Blanketi la dharura, lile la fedha linalong'aa. Nilikata kwa chuma cha kutobolea, nikabandika upande unaong'aa chini.

#39 Mkweli_Mkavu
Dada, hapo naona shida. Upande wenye alumini uelekee sponji, na plastiki ielekee bodi. Chukua mita ya umeme, weka kwenye omu, gusa pande zote mbili. Upande unaopitisha umeme ndio unaofichwa. Macho hayatoshi, mablanketi mengine yanang'aa kote kote.

#40 MamaLisa
Yangu niliyabandika bila kupima na yanafanya kazi karibu yote. "Karibu" ni vitufe vinne. Sasa nimeanza kuwatazama hao wanne vibaya. Napima kesho.

#41 MpigaSauti
Turudi kwenye sauti basi. Nataka kujaza sponji ndani ya kasha la Model F yangu ili ile "ting" ya chuma ipotee, itoe "tok" nzito.

#42 BibiChapa
Mwanangu, umenunua kengele unataka isilie?

#43 FundiChuma
Ting haitoki kwenye nafasi ya kasha. Ni springi, zinaendelea kutetemeka baada ya kupinda. Weka tone la grisi ndani ya kila springi, au kipande cha uzi wa kusafishia meno.

#44 Hewala
Yangu ilipungua nilipobadilisha sponji ya kati tu, springi sikuzigusa. Kwa hiyo bamba nalo linaimba.

#45 MpigaSauti
Kwa hiyo ni springi au bamba?

#46 Hewala
Gonga bamba likiwa tupu usikie mwenyewe.

#47 FundiChuma
Ukiligonga kwa kidole litalia, hata sufuria inalia. Swali ni nani anayeligonga wakati unaandika.

#48 ChajiNdogo
Samahani nachelewa. Mmesahau jambo la msingi: sponji nene inabadilisha umbali kati ya kinyundo na bodi, na kibodi hii inasoma chaji. Kwa hiyo kila aina ya sponji inabadilisha usomaji.

#49 Mkweli_Mkavu
Hapana mkuu. Sponji haiko kati ya kinyundo na bodi. Iko juu ya kitako cha mrija, rejea #3. Ikiwa mrija umelala vizuri, aina ya sponji haijulikani kabisa na saketi. Ikiwa haujalala, hapo ndipo una hoja, lakini ni hoja ya mrija.

#50 ChajiNdogo
Nina kidhibiti mbadala kinachoonyesha nguvu ya ishara ya kila kitufe. Nilipotoka kwenye neopreni kwenda EVA, namba zilipanda pembeni zikashuka katikati. Mirija yote ilikuwa imelala.

#51 FundiChuma
Bodi yako imepinda kufuata bamba. Ukibadilisha nguvu ya msukumo, bodi inalala tofauti. Inawezekana nyote wawili mko sahihi, jambo ambalo humu halijawahi kutokea.

#52 MtafutaVitufe
Wakuu, nimerudi. Wiki mbili zimepita, msidhani nimekimbia.

Neopreni ilinishinda. Nilitoboa matundu 31, la 32 likachanika, nikatupa. Nikaenda kwenye EVA ya milimita 2 na leza. Dakika kumi tu, matundu yote safi, kingo zimeyeyuka kidogo na kung'aa.

Nililaza bamba la juu kichwa chini juu ya vitabu viwili ili springi zisiguse meza, nikapanga sponji, nikatumbukiza mirija, kisha kinyundo kimoja kimoja mgongoni mwa kila mrija. Hapo mkono usitetemeke. Mtoto alipita mbio, meza ikatikisika, vinyundo sita vikasimama wima. Nikaanza upya. Juu yake bodi, halafu bamba la chini, klempu mbili na nyundo na mbao. Mabamba yalilia, yakaingia.

Vifuniko nilivirudisha nikiwa nimesimamisha kibodi, kitufe cha nafasi kikiwa juu, ili springi zilale upande unaotakiwa. Kitufe cha nafasi chenyewe kimenichukua dakika arobaini na maneno ambayo siyaandiki.

Matokeo: vitufe 82 vinaitika. B na 7 hazitaki. Nimechomoa vifuniko vyake nikarudisha mara tano, springi zinapinda na zinalia kama nyingine. Kimya.

#53 MkemiaWaJioni
Hongera. Unga wa sponji ya zamani umebaki kwenye bodi chini ya hizo mbili. Ulisafisha bodi au bamba tu?

#54 BibiChapa
Vinyundo. Viwili kati ya wale sita waliosimama hukuvilaza sawa. Springi itapinda na italia, lakini kinyundo kimekaa mkao wa kushangaa.

#55 FundiChuma
EVA imelala pale, mirija imelegea. Bonyeza mrija wenyewe wa B kwa kidole, bila kifuniko, uone kama unacheza.

#56 ChajiNdogo
B na 7 ziko mbali, siyo safu moja wala nguzo moja. Ingekuwa njia ya saketi ungepoteza zaidi ya hizo. Mimi nasema ni kiwango cha ishara, ziko chini kidogo ya mstari.

#57 MtafutaVitufe
#55, mrija wa B hauchezi hata chembe. Wa 7 unacheza kidogo sana, au nauona hivyo kwa sababu umeniambia.

#53, bodi niliifuta kwa spiriti, lakini kushoto kule kwenye lami kulikuwa na madoa yaliyogoma.

#58 Mkweli_Mkavu
7 na B haziko kushoto kule kwenye lami. Ziko katikati.

#59 Zumari
Safu ya vidole. Mafuta ya mikono. Niliwaambia.

#60 SitiYaNyuma
Hahaha, kesi imefufuka.

#61 MamaLisa
Nimepima. Wale wanne wote alumini ilikuwa chini. Na wengine kumi wanaofanya kazi pia alumini ilikuwa chini. Sasa sielewi chochote.

#62 Mkweli_Mkavu
Bodi ina rangi ya kinga juu ya shaba, huenda kwa hao kumi bado nzima. Geuza wale wanne kwanza.

#63 MtafutaVitufe
Jumamosi naifungua tena. Nitabadilishana vinyundo: cha B nipeleke kwenye N, cha 7 kwenye 8. Ugonjwa ukihama, ni kinyundo. Usipohama, nitasafisha bodi mpaka nione sura yangu.

FundiChuma, ukisema EVA haitafungika vizuri mara ya pili nitakuja kwako na klempu zako.

#64 FundiChuma
Kata shuka la pili kabisa kabla ya Jumamosi. Mchoro si unao?

#65 BibiChapa
Huo mchoro wa leza, utuwekee humu. Wa kwangu ni wa XT na watu wa AT wananiomba kila mara.

#66 MtafutaVitufe
Nitauweka. Ila tundu la Enter nililichora mara mbili, linahitaji kufutwa moja. Msikate kabla sijarekebisha.

#67 Kidadisi_01
Nimeshakata.